Uzoefu wangu wa kuuza tiketi za muziki kwa simu jijini Mwanza

Mimi ni katibu na mtunza fedha wa bendi ya muziki wa dansi yenye wanamuziki 9 hapa Mwanza, na kwa miaka mingi kazi yangu usiku wa onyesho ilikuwa kukaa mlangoni na sanduku la fedha mapajani. Mwaka huu tumefanya maonyesho matatu kwa kuuza tiketi kupitia huduma ya simu, mawili katika ukumbi mmoja wa Kirumba na la tatu kwenye bustani iliyo kando ya ziwa upande wa Capripoint. Huduma yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nia yangu ni kumweleza mwenzangu mwenye bendi, kwaya au kikundi cha ngoma nini hasa kinachobadilika mlangoni anapoachana na tiketi za karatasi.

Nianze na karatasi, maana asiyewahi kuteswa nayo hawezi kuelewa kwa nini niliihama. Tulichapisha tiketi zenye namba, tukazigonga muhuri wa bendi, tukazigawa kwa wauzaji wa mitaani na nyingine tukabaki nazo mlangoni. Kila onyesho hesabu ilikataa. Kuna usiku viti vyote 400 vilijaa na watu wakasimama hadi ukutani, lakini vipande vya tiketi nilivyohesabu kwenye kikapu alfajiri havikufika 260. Wengine walikuwa wameingia kwa tiketi zilizotolewa nakala, wengine walimpa mlinzi nusu ya kiingilio akawapitisha, na wengine walikuwa ndugu zetu wenyewe. Wizi huo uliniuma, lakini yaliyofuata yaliniuma zaidi, kwa sababu wanamuziki waliouona ukumbi umejaa hawakuweza kuamini kiasi nilichowawekea mezani. Mpiga gitaa la besi aliyekuwa nasi tangu mwanzo aliondoka kwa shaka hiyo, na hadi leo sina karatasi ya kumthibitishia kwamba sikula fedha yake.

Fedha ya mlangoni nayo si jambo dogo tena. Wakati wa kaseti, na baadaye CD, bendi ilikuwa na kitu cha kuuza mkononi. Siku hizi wimbo huenda kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni kama Boomplay, au Spotify ambayo ilifunguliwa kwa wasikilizaji wa Tanzania mwaka 2021, na malipo yake hutegemea wimbo umesikilizwa mara ngapi. Kwa bendi ya ukubwa wetu kinachorudi kwa mwaka hakitoshi kununua seti moja ya ngoma. Nyimbo tunazoziweka mtandaoni zinatuletea watu ukumbini, na ukumbini ndiko mwanamuziki anakopata mlo wake. Ndiyo maana naona kuhesabu kwa haki watu wanaoingia ni jambo la kwanza katika muziki wa sasa, kabla hata ya vyombo.

Utaratibu wa huduma hii ni mwepesi. Mnunuzi hubonyeza kiungo au hupiga namba fupi, huchagua onyesho, hulipa kwa pesa za simu, kisha hupata meseji yenye namba ya tiketi pamoja na kiungo cha picha ya msimbo wa QR, ule mraba wa viboksi vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu. Sehemu ya kulipa haikumsumbua mtu yeyote, kwani M-Pesa iko nchini tangu mwaka 2008 na mama anayeuza dagaa Mwaloni hulipa na kulipwa kwa simu kutwa nzima. Nilichokiogopa ni huo msimbo. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, na viboksi vitatu vya pembeni ndivyo vinavyoiwezesha kamera kujua umelala upande gani. Pia umebeba taarifa za ziada, kiasi kwamba sehemu yake ikifutika bado unasomeka. Nimeshuhudia simu iliyopasuka kioo kutoka kona hadi kona ikipita mara ya kwanza tu, wakati simu nzima kabisa iligoma kwa sababu mwenyewe alikuwa amepunguza mwanga wa kioo ili kutunza chaji.

Usiku wa onyesho la kwanza ndio ulionifundisha mengi. Tulikuwa na milango miwili na simu mbili za kusomea misimbo. Ilipofika saa tatu usiku watu walikuwa wamejaa nje, kila mmoja anarusha picha mtandaoni, na mtandao ukalemewa. Simu zetu zikahamia kwenye orodha iliyokuwa imepakuliwa kabla, jambo ambalo ni zuri kwa sababu foleni haikusimama, lakini kuanzia hapo mlango mmoja haukujua mwingine umepokea nani. Tiketi moja iliyopita mlango wa mbele iliweza kupita tena mlango wa nyuma. Tulipolinganisha kesho yake tulikuta tiketi 11 zilizotumika mara mbili. Tangu hapo tunatumia mlango mmoja wa kuingilia, wasomaji wawili wakiwa wamesimama pamoja, na simu zote mbili zimeunganishwa kwenye kifaa kimoja kidogo cha intaneti tulichokitenga kwa kazi hiyo peke yake.

Usiku huohuo alikuja mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kukosa onyesho letu tangu tulipokuwa tukipiga harusini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akinipa simu yake ya kitochi ikiwa imefunguliwa kwenye meseji. Niliingiza namba, simu yangu ikawaka nyekundu: tiketi imeshatumika. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hela yangu nimetoa, na meseji hii hapa unaiona." Ikabainika kwamba mjukuu wake, aliyemsaidia kununua, alikuwa ameweka picha ya msimbo kwenye stetasi yake ya WhatsApp kwa furaha ya kumpeleka bibi kwenye muziki, na kijana fulani aliyeiona alifika kabla yao. Nilimwingiza mimi mwenyewe na kumtafutia kiti cha mbele. Hata hivyo, zile dakika tano alizosimama pembeni huku watu wakimpita na kumtazama kama mdanganyifu sikuzipenda hata kidogo, na niliwaandikia wenye huduma usiku huohuo kabla sijalala.

Walinijibu baada ya siku mbili, wakafanya jambo moja la maana. Sasa, pamoja na msimbo, simu ya msomaji huonyesha namba nne za mwisho za simu iliyopokea tiketi, hivyo mlangoni tunamuuliza mtu namba hizo kabla hatujampitisha. Aliyenyakua picha tu hazijui. Marekani, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilileta mwaka 2019 tiketi ambayo msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache ili picha ya skrini isifae kitu, lakini njia hiyo inadai simu janja, programu na bando, na kwetu sisi kufuata njia hiyo kungekuwa kumfungia mlango mwalimu yule na wengi wa rika lake. Namba nne zimetutosha.

Faida ambayo sikuitarajia ilitoka kwenye ripoti. Huduma huandika siku na saa ya kila ununuzi, na tuliomba fomu imuulize mnunuzi anatoka wapi. Maonyesho mawili ya kwanza wanunuzi wengi walitoka hapa mjini. La tatu, bila sisi kupanga, liliangukia wikiendi ya mbalamwezi, na nilishangaa kuona tiketi nyingi za Igombe, Kayenze na hata Ukerewe. Mtu wa pwani ya ziwa atakuwa ameshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukipevuka mwanga wa taa hauwavuti tena, wavuvi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu, na kwa maelezo ya waliotupigia simu ndicho kipindi wanachogawana mapato. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipanga maonyesho kwa kufuata mishahara ya mwisho wa mwezi, tukiwasahau watu wanaolipwa kwa mwezi wa angani. Walikuwapo pia wa kutoka Sengerema, ambao zamani walilazimika kuwaza kivuko, lakini tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wanakuja, wanacheza, na wanarudi makwao usiku uleule.

Bado nina lalamiko moja, nalo ni malipo. Huduma inakata asilimia 5, na hilo silipingi, kwani nilikuwa nikipoteza zaidi ya hapo kwa nakala na walinzi. Tatizo ni kwamba fedha ya Jumamosi ilitufikia Alhamisi. Mwenye ukumbi, mwenye spika na mwenye jenereta wote hudai chao kabla vyombo havijapakiwa garini, na mwanamuziki mwenye familia hawezi kuambiwa asubiri hadi Alhamisi. Onyesho la kwanza nilikopa ili niwalipe. Kwa la tatu tulikubaliana kwa maandishi kwamba nusu ya mauzo iingie Jumapili asubuhi, na kweli iliingia saa nne. Anayetaka kuanza na adai sharti hilo kabla hajatangaza namba ya kununulia tiketi, kwa sababu baada ya hapo hana tena nguvu ya kujadiliana.

Asiache pia kuweka tiketi chache za kuuzwa papo hapo mlangoni, zikiingizwa kwenye mfumo uleule na mtu wa bendi, kwa ajili ya wale wasiopenda kulipia kitu wasichokiona. Kwetu ni kama mtu mmoja kati ya watano.

Baada ya onyesho la Capripoint nilikaa na wenzangu wote mezani, nikawafungulia ripoti kwenye simu: walioingia 347, makato haya, gharama hizi, kilichobaki hiki. Kila mmoja alipiga hesabu yake kwenye simu yake, na jibu likawa moja. Juma lililofuata nilimtumia ripoti hiyo yule mpiga besi aliyeondoka. Amesema atakuja mazoezini, nasi tumeshaangalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe ya onyesho la nne.