TAHADHARI: Miche ya mianzi isiyo na mizizi inauzwa Dodoma

Ndugu zangu mnaojenga hapa Dodoma na kutafuta mimea ya kuzuia upepo na vumbi, naomba mjihadhari na muuzaji anayezungusha miche ya mianzi kwa kirikuu katika maeneo ya viwanja vipya, hasa Iyumbu na Nala. Mwishoni mwa Mei alinishushia miche 40 kwa shilingi 12,000 kila mmoja, na ilipofika katikati ya Julai miche 37 ilikuwa imekauka. Jina lake silitaji, kwa sababu hata lile alilonipa silo lililojitokeza kwenye ujumbe wa muamala nilipomtumia shilingi 480,000.

Chambo chake ni picha ya mianzi iliyofunikwa na theluji, ambayo huionyesha kwenye simu akieleza kwamba mwanzi uliohimili baridi ya namna hiyo hauwezi kushindwa na ardhi yetu. Ni kweli kwamba iko mianzi ya China inayostahimili theluji, lakini kustahimili theluji ni jambo moja na kuivuka Septemba ya Dodoma ni jambo jingine, kwa kuwa kinachoua miche hapa ni ukame wa miezi saba mfululizo na upepo unaokausha majani. Isitoshe, mingi ya mianzi hiyo ya nchi za baridi hutambaa chini ya ardhi na kuchipukia hata kwa jirani, jambo ambalo yeye hakuligusia kabisa.

Nilipochana kiriba (kimfuko cha plastiki cha kuoteshea mche) cha kwanza kilichokauka, nilikuta tawi la mwanzi lenye urefu wa mkono, limekatwa mshazari kwa panga, ncha yake ya chini imekuwa nyeusi na inanuka kuoza, na halikuwa na mzizi hata mmoja. Nilichana viriba 6 vingine na vyote vilikuwa hivyo hivyo. Udongo ulikuwa umeshindiliwa kwa nguvu ili tawi lisiyumbe mteja anapolishika.

Kilichonidanganya, na ndicho kitakachowadanganya wengine, ni majani mabichi. Kipande cha mwanzi kinapochomekwa kwenye udongo wenye unyevu, macho yaliyo kwenye vifundo hufumuka kwa chakula kilichobaki ndani ya kipande chenyewe, na mara nyingi majani hutangulia wakati mizizi bado haijatoka. Mwenye kitalu mwaminifu naye huanza na vipande kama hivyo, lakini huvitunza kivulini kwa miezi mpaka vitoe mizizi, na hapo ndipo huviuza. Huyu wetu huvikata na kuviuza kabla majani hayajaanza kusinyaa.

Miche mitatu iliyopona ilinipa furaha ya muda mfupi, kwani kumbe ilikuwa matete, na yaelekea iling'olewa korongoni pamoja na mizizi yake. Tofauti yake iko kwenye jani: jani la mwanzi lina kikonyo kifupi chembamba, mfano wa shingo, kinacholiunganisha na ala yake, yaani sehemu ya jani inayolizunguka shina, ilhali jani la matete hutoka kwenye ala likiwa pana tayari, bila shingo yoyote.

Nilipompigia simu alidai kwamba nilizidisha maji, na siku ya pili akadai kwamba niliyapunguza. Nilipomuuliza kuhusu wembamba wa ile mitatu alinijibu kwamba shina litanenepa kadiri linavyokua. Nalo hilo si kweli, kwa sababu chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa mwisho, na kinachoongezeka mwaka hadi mwaka ni unene wa machipukizi mapya yanayofuata. Tangu siku hiyo namba yake haipatikani.

Anayetaka mianzi asikubali kununua mche wowote kabla muuzaji hajachana kiriba kimoja mbele yake, akichague mnunuzi mwenyewe, na ndani yake ionekane mizizi iliyoshika udongo. Muuzaji akikataa, muacheni aende zake. Msinunue Mei wala Juni, hata bei ikiwa nusu. Subirini mvua za Desemba zilowanishe ardhi, na mwaka wa kwanza mmwagilie kiangazi chote na kufunika shina kwa nyasi kavu, hata kama mmeuziwa aina inayostahimili ukame. Ulizeni pia aina yenyewe, kwani mianzi yetu ya asili inayogemwa pombe ya ulanzi kule Iringa huvumilia ukame lakini hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo anayetaka ukuta wa kijani mwaka mzima itamvunja moyo.

Mimi nimekwisha kutoa taarifa polisi, na namba yake nimeiwasilisha kupitia 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa taarifa za utapeli wa simu. Waliouziwa kama mimi wasifute ujumbe wa muamala na wasitupe viriba, kwani lile tawi lililokatwa kwa panga ndilo ushahidi, na linazidi kuoza kila siku.