Bafu la vigae juu ya sakafu ya mbao: uzoefu wangu Mikindani

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza.

Nyumba yetu ya familia iko Mikindani, ya zamani: chini mawe na chokaa, juu sakafu ya mbao za mkongo. Bibi hawezi tena kushuka ngazi usiku kwenda uani, kwa hiyo bafu ilibidi limfuate juu.

Mafundi wa mwanzo walikuwa na jibu moja: tandika nailoni, mwaga zege la sentimita 5, bandika vigae. Zege la unene huo lina zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na boriti zile hazikuwekwa kwa mzigo huo. Tena mbao haitulii. Kwa unyevu wa bahari huvimba, kiangazi husinyaa, na kigae hakipindi. Hupasuka au hubanduka.

Ndipo tukapata kikundi cha mafundi kutoka Mtwara mjini. Hawa kwanza waling'oa mbao, wakachoma kila boriti kwa bisibisi kutafuta palipooza au palipoliwa na mchwa. Moja ilibadilishwa, na katikati ya boriti wakapigilia vipande vya kuzibana zisicheze. Kiongozi wao alinipa kipimo ambacho sikuwahi kukisikia: boriti ya mita 3.6 ikibeba mzigo isipinde zaidi ya sentimita 1 kwa vigae vya kauri, na ukitaka mawe ya asili, nusu ya hapo. Mteremko wa kuelekea tundu la maji waliutengeneza hapohapo, kwa vipande vya mbao vilivyochongwa mshazari juu ya boriti. Nilipenda sana hilo, maana gundi ya vigae haikulazimika kurundikwa upande mmoja ili maji yatembee.

Juu yake ikaja plaiwudi ya marini (ile inayostahimili maji) ya milimita 18, ikafungwa kwa skurubu zisizoshika kutu (msumari hulegea, na chumvi yetu hailei chuma cha kawaida). Kati ya kipande na kipande cha plaiwudi waliacha milimita 3 za kupumulia. Kisha bodi ya saruji ya milimita 6, ikalazwa kwenye gundi mbichi, viungo vyake visiangukie juu ya viungo vya plaiwudi, na vikafunikwa kwa utepe wa nyuzi. Mwisho wakapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, ikapanda hadi ukutani. Wakaziba tundu, wakajaza maji, yakalala hadi kesho yake. Chini pakavu kabisa.

Vigae vyenyewe vilikwenda haraka, kwa gundi ile inayonyumbulika. Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, walitia silikoni badala ya saruji ya viungo.

Mvua za Desemba hadi Aprili zimepita. Nikigonga kigae, hakuna kinacholia utupu, wala kiungo kilichopasuka.

Nyota niliyokata ni ya hizo bodi za saruji. Hatukuzipata madukani Mtwara, ikabidi ziagizwe Dar es Salaam, nao mafundi walikuwa wameshabomoa sakafu kabla ya kutuambia. Kazi ikasimama, Bibi akahamishiwa kwa shangazi. Gharama nayo ijulikane mapema: vifaa vya chini ya vigae vilikula fedha kuliko vigae vyenyewe. Ukiwaita, bodi zifike nyumbani kwanza, ndipo ubao wa kwanza ung'olewe.