Hospitali ya misheni tuliyomlaza baba: uuguzi mzuri, maneno ya dini yaangaliwe

Naandika kwa ajili ya yeyote atakayelaza mgonjwa wa kiharusi kwenye hospitali ya misheni, kama tulivyofanya sisi kule kaskazini. Jina la hospitali silitaji, kwa sababu ninalolalamikia lilifanywa na mtu mmoja, na wenzake walitufaa sana.

Uuguzi naupa nyota tano. Baba alifika upande wa kulia hauna nguvu, hawezi kumeza. Wakamwekea mpira wa kulishia puani, wakatufundisha kumpa uji mwepesi akiwa ameinuliwa kichwa, na kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongoni. Nesi wa usiku alipita kweli kuhakikisha. Foleni ya dirisha la bima ni ndefu, wahini.

Asubuhi wafanyakazi husali na kuimba pambio wodini. Sisi ni Waislamu wa Korogwe na hilo halikutukera hata kidogo. Tulijua tangu getini kuwa ni ya kanisa, na wilaya nyingi za Tanzania zimetibiwa na hospitali za namna hii, nyingine serikali imezifanya hospitali teule za wilaya. Hakuna aliyetutaka tusimame wala tuitikie.

Kilichoniumiza ni nesi mmoja wa mchana. Shangazi alimuuliza, "Mwanangu, picha ya kichwa imeonyesha nini?" Akajibiwa, "Bibi, mwamini Yesu tu, mzee atasimama." Aliyasema kwa upole, na naamini alimhurumia baba. Lakini shangazi alichosikia ni majibu ya kipimo. Mtu aliyevaa sare akikwambia mgonjwa wako atasimama, utajuaje kwamba hayo ni ya imani yake na si ya daktari? Jioni ile shangazi akapiga simu kwamba mzee anaendelea vizuri, na kaka yangu aliyeko Muscat akaahirisha safari ya kuja. Kesho yake daktari akatuketisha: damu ilikuwa imevuja sana ndani ya ubongo, tujiandae. Kaka hakumkuta.

Nesi huyohuyo alimwekea baba mkono kichwani akaomba kwa sauti bila kutuuliza. Baba hawezi kusema, mama kanyamaza. Nilipomuuliza mama baadaye, alisema aliogopa kumuudhi mtu anayemlisha mumewe. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kueneza dini ni huru na ni jambo la hiari ya mtu. Mwenye mgonjwa kitandani hana hiari hiyo, maana hawezi kuinuka akaondoka.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka watumishi wa afya wafiche imani yao kabisa. Yule nesi wa usiku alivaa msalaba shingoni. Hali ilipobadilika alimwita mama pembeni: "Mama, kuna mtu wa dini yenu mngependa aje? Nitawaambia getini wamruhusu, hata kama si saa ya kuona wagonjwa." Sheikh akaja, akasoma Yasini. Nesi akavuta pazia, akatusaidia kugeuza kitanda kielekee kibla, akakaa mbali kidogo wakati baba mdogo akimlakinia baba shahada, yaani akimtamkia maneno ya imani yetu. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Na wewe utuombee, mwanangu." Akajibu, "Nitawaombea, mama." Dua ya yule binti mama anaitaja mpaka leo kwa shukrani.

Kwa hiyo mkienda, majibu ya vipimo yachukueni kwa daktari, na ombeni kikao cha familia mapema, msisubiri kuitwa. Anayetaka maombi, yupo mchungaji wa hospitali ambaye hiyo ndiyo kazi yake, na anakuja akiitwa.

Upande wa mazungumzo na ndugu naupa nyota mbili. Baada ya maziko nilirudi kumweleza matroni. Alinisikiliza, akaandika, hakujitetea. Fomu ya kulazwa ina nafasi ya dini, na sisi tuliijaza siku ya kwanza. Nilimwomba jambo hilo litajwe kila zamu zinapokabidhiana, pamoja na dawa na kiasi cha uji, na nesi anayetaka kumwombea mgonjwa awaulize kwanza wenyewe.