TAHADHARI: Muuzaji wa "seti ya kupoza injini" ya magari ya mashindano hapa Mombasa

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari zenu nyote wenye magari ya zamani. Kabla hujatuma hata shilingi kwa mtu anayetangaza "seti ya kupoza injini" kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook hapa Pwani, tafadhali soma haya.

Mtu huyu hana duka. Ukimuuliza anapatikana wapi, leo yuko Mwembe Tayari, kesho yuko Changamwe anafungua kontena. Anakutumia picha za rejeta inayong'aa, anataka pesa zote kwa M-Pesa kwanza, kisha anakuletea mzigo barabarani, mara nyingi magharibi imeshaingia, upande wa Makupa au Kibarani, mahali ambapo huwezi kukagua kitu. Bei yake ni shilingi 18,000. Ndani ya seti mna rejeta nyeusi anayosema ni ya shaba na ina safu tatu za mirija, dumu la kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ya kijani, na kifuniko cha rejeta kilichopigwa chapa 1.3, yaani kiwango cha presha. Juu yake anakupa na ushauri: ng'oa thamostati (kile kilango kinachofungua maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto), gari la mashindano halina haja nayo.

Mimi ni fundi wa injini. Magari yaliyofungwa seti hii yanaletwa kwangu hedi (vichwa vya injini) zimepinda, na wenyewe ni vijana waliojinyima mengi wakaifufua Corolla ya mzee au Datsun iliyolala uani miaka, wapate kwenda kukimbia kwenye kiwanja cha mashindano huko bara. Mmoja wao hakufika hata Voi. Gari lilichemsha baada ya Mariakani, akamwagia maji akaendelea, likachemsha tena, mwishowe likarudi Mombasa juu ya lori. Inaniuma kwa sababu hela hizo zilikuwa za karo ya chuo aliyokuwa akiiweka kidogo kidogo, na kwa sababu hicho kitu angeweza kukigundua kwa dakika chache mchana wa jua kama angejua pa kutazama.

Nianze na rejeta. Niliipasua moja. Ni rejeta kuukuu iliyovuja, na kila mrija uliokuwa unavuja umezibwa kwa lehemu badala ya kubadilishwa. Safu nzima ya katikati haipitishi maji. Halafu imepuliziwa rangi nyeusi nzito mpaka ndani ya vile vibati vyembamba vinavyopitisha upepo, na rangi nzito namna hiyo yazuia joto lisitoke. Na wala si shaba, ni alumini. Injini ya mtaani inaweza kuvumilia rejeta ya nusu kwa sababu haifanyi kazi kubwa. Kiwanjani injini iko kwenye mizunguko ya juu raundi baada ya raundi, bila kupumzika, na joto lote la ziada halina mlango mwingine wa kutokea.

Ukitaka kuijua, fungua mdomo wa rejeta uchungulie ndani kwa tochi: utaiona midomo ya mirija, iliyo wazi na iliyozibwa. Kwangua rangi kidogo mahali pasipoonekana. Shaba itatoka nyekundu au njano, alumini itatoka nyeupe. Kisha ziba tundu la chini kwa kiganja, jaza maji, uachie kwa mkupuo. Rejeta nzima humwaga yote kwa kishindo. Ile iliyoziba huchirizika. Muuzaji anayekataa ufanye haya mbele yake ameshakujibu.

Sasa kulanti. Niliichemsha kidogo gerejini kwenye kopo la kazi, si sufuria ya nyumbani. Ilikauka upesi kama maji, ikaacha ukoko mweupe. Hayo ni maji ya kisima yametiwa rangi, basi. Sisi wa hapa tunavijua visima vyetu, vingi ni vya chumvi, na chumvi kwenye hedi ya alumini ni sumu. Inakula kuta za njia za maji na pampu, kutu ya bloki inamomonyoka na kwenda kuziba ile mirija michache iliyobaki wazi.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Tia kidogo kwenye chupa ndogo ya plastiki, funga vizuri, uandike "sumu", uweke kwenye friza usiku kucha mbali na chakula. Kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji haigandi kwenye friza ya nyumbani, kwa sababu huganda kwenye nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Maji ya rangi utayakuta jiwe. Kamwe usiipime kwa kuonja! Kulanti ya kweli ina utamu na inaua, iwe mtoto, iwe paka. Ikiwa dumu lina alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), chukua namba ya kibali iliyo chini ya alama, utume ujumbe wenye SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, uone jina la bidhaa litakalorudi kama ndilo lililo kwenye dumu.

Ukimbana, atakwambia magari ya mashindano hutumia maji. Hapa ameshika ukweli nusu, ndipo anapowapata watu. Ni kweli maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti, na viwanja vingi duniani hukataza kulanti kwa sababu ikimwagika lami inakuwa utelezi na wa nyuma yako ndiye atakayeumia. Lakini maji hayo ni masafi yasiyo na madini, tena hutiwa dawa ya kuzuia kutu. Ukikosa, tumia maji ya betri yale yasiyo na asidi, si ya kisima cha Bombolulu wala cha kwangu.

Kifuniko ndicho watu wanachokidharau, na ndicho kilichomchemshia yule kijana. Kazi yake ni kushikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yachelewe kuchemka. Hapa usawa wa bahari maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko kizima cha 0.9, ambacho ndicho cha magari mengi ya zamani ya Japani, chapandisha hadi karibu 118. Ukienda Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye 94 hivi, na hata hewa yenyewe ni nyepesi, haichukui joto kama ya hapa. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuzunguka Nyali na Mtwapa bila tatizo, ukasema liko sawa, likaja kukuaibisha likianza kupanda. Hivi vya huyu bwana vimeandikwa 1.3 lakini springi yake ni laini. Nilivyovipima vilifungua kabla ya 0.5. Na hata kama ingekuwa 1.3 ya kweli, kuiweka kwenye rejeta na mipira ya maji ya miaka 30 ni kutafuta kupasua. Nunua namba ile ile iliyotoka kiwandani.

Kuhusu thamostati, nawasihi mafundi wenzangu pia, maana ushauri huu hakuuanzisha yeye, upo mpaka gereji zetu. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka moto vile vile. Gari laonekana baridi mjini, ukilikamua lachemsha. Thamostati nzima hujaribiwa kwa kuichemsha majini na kipimajoto: nyingi za magari haya huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Ikigoma, nunua mpya.

Sasa kwa anayetaka kweli kupeleka gari la zamani kiwanjani, hizo 18,000 zitumie hivi. Safisha bloki kwanza, fungua na ile skrubu ya kumwagia maji iliyo ubavuni, maana matope ya miaka mingi hukaa nyuma ya silinda ya mwisho. Peleka rejeta yako mwenyewe kwa fundi wa rejeta aifungue na kusugua mirija ukiwa umesimama pale. Angalia pampu ya maji na mipira. Mpira wa chini ukilegea, pampu huunyonya ukabana maji yakakatika. Rudisha kava la feni kama lilitupwa, na uzibe mianya pembeni ya rejeta kwa bati au sponji ngumu, upepo usipate pa kukwepea. Hili la mianya halina gharama na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Muda wa kuchoma plagi uwe sahihi. Ukichelewa, joto lahamia kwenye hedi. Kabureta inayonyima mafuta nayo hupandisha joto.

Kiwanjani, usiuamini mshale peke yake. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye mvuke na mshale waweza kushuka, dereva akafurahi wakati injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, zima. Ukimaliza kukimbia, zunguka raundi moja au mbili polepole kabla ya kuingia kuegesha, na kifuniko usikiguse mpaka kipoe kabisa.

Kama umeshanunua seti hii, usiliendeshe gari. Mwaga hayo maji, suuza kwa maji safi mpaka yatoke bila rangi, rudisha kifuniko na thamostati za zamani. Halafu tazama kama kuna povu linalopanda kwenye rejeta injini ikiwaka, moshi mweupe usioisha, au oili imekuwa kama chai ya maziwa. Ukiona lolote kati ya hayo, gasketi iliyo kati ya hedi na bloki imeshaondoka, na kila kilomita utakayoongeza inapinda hedi zaidi.

Ujumbe wa M-Pesa usiufute, na mazungumzo uyapige picha, kwa sababu anabadilisha namba na jina la akaunti kila akilalamikiwa. Peleka polisi uandikiwe OB (kitabu cha taarifa cha kituo). Dumu likiwa na nembo ya kampuni inayojulikana, peleka malalamiko pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, hiyo ndiyo kazi yao kwa sheria ya 2008. Namba yake siiweki hapa, kwani zile nilizonazo hazipatikani tena na huenda mtu mwingine asiye na kosa ameshazipata. Mtamjua kwa maneno: pesa kwanza, duka hana, rejeta nyeusi ya safu tatu, ng'oa thamostati.

Wasimamizi wa makundi, tangazo hilo likipita tena lifuteni na mnijulishe. Na yeyote mwenye shaka na kifuniko chake, pampu ya kupimia ninayo gerejini, aje nacho Jumamosi asubuhi, simtozi kitu.