Tepu ilikuwa nzima, praima ilibaki ndani ya boksi

Nilishaandika kwamba tepu hii ya kubandikia matao ya gari ni takataka, nikaipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubali kubonyezwa. Nimefuta. Hasira bado ninazo, ila zimetoka kwenye tepu zikahamia kwa fundi aliyeibandika. Mkiona maandishi yanapanda na kushuka mnivumilie, nimefura.

Nilinunua matao ya plastiki ya kupachika juu ya tairi, yale meusi yanayolipa gari sura ya kibabe. Upande wa ndani yana tepu ya pande mbili, ya sponji ya kijivu, imeshabandikwa kiwandani na kufunikwa nailoni nyekundu. Unene na upana someni kwenye boksi, sina muda navyo. Kinachonihusu mimi ni vipakiti vidogo vilivyokuja humo ndani. Kuna vya kitambaa kilicholowa spiriti ya kusafishia, na kuna vingine vidogo zaidi, rangi ya fedha, vya praima, yaani dawa inayopakwa kabla ya tepu ili ishike. Hivi vya pili ndivyo vilivyonifanya nikae hapa usiku huu kuandika badala ya kulala.

Nikapeleka gari gereji. Wakalipokea vizuri, wakaliosha, na kwa ukarimu ambao sikuuomba wakalipaka bampa ile dawa ya kung'arisha plastiki. Bampa likawa jeusi tii, linameremeta, linanukia utamu kama wa pipi. Kisha, na hapa nisomeni polepole, JUU ya ile dawa wakabandika matao. Fundi akapitisha kitambaa kilekile alichong'arishia, akavuta nailoni nyekundu, akagandamiza kwa kiganja, akanipa ufunguo. "Tayari dada, unaweza kwenda." Nikaondoka moja kwa moja.

Haikuchukua muda mrefu. Nikiwa barabara kuu, mwendo wa kawaida tu wa barabara kuu, nikasikia kitu kinapigapiga kushoto kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo, halafu kimya. Kwenye kioo nikaona tao langu linabingirika lamini na gari la nyuma linalikwepa. Namshukuru Mungu dereva yule alikuwa macho. Lingekuwa pikipiki nyuma yangu ningekuwa naandika mambo mengine.

Nililiokota nikijiandaa kuilaani tepu. Nilipoligeuza, laana ikanikauka mdomoni. Tepu yote ilikuwa kwenye tao, ncha hadi ncha. Kwenye bampa hapakuwa na hata chembe ya gundi. Anayezijua tepu hizi atakwambia maana yake: ikizidiwa nguvu ikiwa imeshika kweli, sponji huchanika katikati, nusu ikabaki huku na nusu kule. Ikiachia upande mmoja safi namna ile, upande huo haikuwahi kuushika. Nikaileta karibu na macho. Uso wake ulikuwa na vidoadoa vidogo visivyong'aa, kila kimoja mahali ilipogusa kilele cha mikwaruzo ya bampa (plastiki ile nyeusi ina chembechembe, si laini), na katikati ya vidoa hivyo gundi ilikuwa inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Haikugandamizwa ikaingia kwenye mabonde. Nikainusa. Utamu wa pipi.

Nikafungua buti. Boksi lilikuwa humo, na vipakiti vya praima vimo ndani yake, vyote vimefungwa, hakuna hata kimoja kilichochanwa pembeni. Mfundishaji wa uvumilivu angenisamehe kwa maneno niliyotamka pale.

Nikarudi gereji, na sikwenda kugombana, nilikwenda kuuliza. Yule kaka hata hakuinuka kitini.

"Dada, ulikimbia sana."

"Kaka, tao la gari halitakiwi kuhimili mwendo wa gari?"

"Au uliliosha kwa presha."

Mliliosha ninyi! Nikamwonyesha kipakiti. Akakiangalia kama mtu anayeangalia ganda la karanga, akacheka, akawageukia wenzake ili nao wacheke, akasema, "Vile huwa wanaweka kujaza boksi tu. Dada yangu, haya mambo ya magari tuachie sisi. Tepu ni tepu."

Tepu ni tepu. Mtu analipwa kwa kazi ya kubandika, halafu anaona kitu kilichowekwa ndani ya boksi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo kuwa ni cha kujazia nafasi. Kicheko kile ndicho kilichoniuma kuliko tao lenyewe. Tao linarudishwa.

Kwa wanaotaka kujua, na kwa yule kaka kama anasoma: chungulia nyuma ya bampa, upande usioonekana. Utakuta maandishi madogo yamechorwa ndani ya plastiki, katikati ya alama mbili za mshale, kwa utaratibu wa ISO 11469. La gari langu linasema >PP+EPDM-T20<. Hiyo PP ni polipropilini, EPDM ni mpira uliochanganywa humo bampa lisipasuke ovyo, na T20 ni talki asilimia 20. Mwenye gundi akisoma PP tu anatakiwa avute pumzi, maana polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote. Nguvu ya uso wake (jinsi unavyovuta gundi) ni milinyutoni 30 hivi kwa mita, ya chini mno, kwa hiyo gundi inajikunja juu yake badala ya kutandaa. Tatizo halikuwa vumbi peke yake wala ile dawa peke yake. Hata bampa lingekuwa safi kama sahani, tepu ile ingeshika nusunusu bila praima. Sasa wewe ongeza mafuta ya silikoni juu, maana dawa nyingi za kung'arisha plastiki ni silikoni hiyo hiyo, ambayo kazi yake hasa ni kufanya vitu visinate.

Na kabla hamjanijibu kwamba tepu za kuja na boksi zote ni mbovu, sikieni hili. Tao lile lililala kwenye bampa, na lingine la nyuma yake linalala kwenye fenda yenye rangi. Lile la kwenye fenda nililitoa mwenyewe ili nifanye kazi upya kote, na halikutoka kirahisi. Nililipasha moto kwa drayer ya nywele, nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, nikawa nasugua huku na huku kama anayekata mbao, na sponji ikachanika katikati vilevile nilivyosema. Tepu ileile, mkono uleule, siku ileile. Rangi ya gari inashikika, polipropilini tupu haishikiki. Hapo ndipo nilipofuta ile nyota moja.

Kazi ya upya niliifanya mwenyewe, nikaitendea haki. Mabaki ya gundi niliyatoa kwa kusugua na kidole gumba, yanajikunja yenyewe yakiwa ya vuguvugu. Kuna aliyenishauri petroli, sikumsikiliza, petroli inaacha utando wake. Nikaosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato wala vilainisho. Halafu alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kipya, unafuta kwenda upande mmoja, unageuza kitambaa, unafuta tena. Usizungushe. Ukizungusha unasambaza silikoni, huitoi. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka cheusi na kinateleza. Cha pili kijivu. Nikaendelea mpaka kikatoka kama kilivyoingia, na bado harufu ya pipi ilikuwa inanifuata puani, sijui ni kweli au ni chuki.

Watu wanapenda kipimo cha maji: unanyunyiza, yakitandaa pamesafika, yakijikusanya matone bado pachafu. Kwenye rangi na kioo sawa. Kwenye bampa lisilo na rangi kipimo hicho kinakudanganya, kwani polipropilini safi kabisa nayo inayakusanya maji matone. Mimi kilinipotezea alasiri, nasafisha kitu kilichokwisha kusafika. Vilevile msasa: unasaidia kutoa utelezi wa juu na kuipa gundi pa kukamata, lakini haugeuzi tabia ya plastiki. Kinachogeuza ni praima.

Ndiyo, kile cha kujazia boksi.

Unachana, kuna sponji ndogo ndani, unapaka tabaka jembamba kabisa mahali tepu itakapokaa na si zaidi. Niliziba rangi ya pembeni kwa tepu ya karatasi maana praima inaharibu rangi. Fungueni milango, harufu ni kali na kitu kinashika moto kwa urahisi, sigara ikae mbali. Baada ya dakika chache ile sehemu inakauka, inabaki na mng'ao hafifu, ukiitazama kwa pembeni unaiona. Usiiguse. Kidole chako kina mafuta, hata ukijiona msafi. Nilipobandika tepu juu yake niliisikia mkononi: inashika papo hapo, hairuhusu kusogezwa. Hilo lina ubaya wake, nitalisema.

Kisha kugandamiza. Gundi ya aina hii haihitaji kulowa wala kukauka, inahitaji kusukumwa iingie kwenye mabonde ya plastiki, ndiyo maana vile vidoadoa vilinisikitisha. Nilipitisha kigurudumu kigumu cha kubandikia karatasi za ukutani, uzito wote wa mwili juu yake, kila inchi. Kiganja hakitoshi. Halafu gari likakaa. Kwa joto la kawaida la chumba, tepu hizi hufikia kama nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya siku nzima, na nguvu kamili baada ya saa 72. Baridi ikiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi nyingi hazitaki hata kubandikwa. "Tayari dada, unaweza kwenda" haimo kwenye hesabu hiyo popote.

Tangu hapo limeshanyeshewa, limeshaoshwa, limeshapita barabara kuu ileile, na mimi nikiwa nimeshusha kioo nasikiliza. Hakuna kinachopiga. Nikilivuta kwa vidole nasikia bampa zima linakuja nalo.

Basi nyota tano kwa tepu? Nilitaka kusema tano. Nimerudi kwenye boksi kutafuta walikoandika kwamba plastiki nyeusi isiyo na rangi lazima ipakwe praima, na sikukuta. Kuna picha tatu za mkono unaofuta, unaobandika na unaogandamiza, ukubwa wa kucha, na vipakiti vya praima havina neno hata moja la kazi yake, ni alama za hatari tu mgongoni. Kwa namna hiyo nusu ya kicheko cha yule kaka walimpa wao. Kipakiti kisicho na jina, kinachofanana na cha chumvi ya hotelini, ungekifikiria nini? Kwa hiyo ni nne. Tatu na nusu nikikumbuka pikipiki ambayo haikuwepo.

Na sasa nitasema jambo ambalo sikutaka kulisema. Yule kaka alikuwa na jicho. Matao aliyoweka yeye yalikaa sawasawa kabisa, kingo zimefuatana na mstari wa mlango kama zilizaliwa hapo. La kwangu la kushoto mbele limeshuka kidogo upande wa nyuma. Mtu mwingine haoni, mimi naona kila ninapozunguka gari, na kwa kuwa praima ilifanya kazi yake halitoki tena bila kulikata kwa uzi. Angekuwa na adabu kidogo na uvumilivu wa kusubiri praima ikauke, ningempelekea gari kila mwaka na kumpa sifa mitaani.

Gereji ile sipati sababu ya kurudi. Labda kwa kupulizia rangi, nimeona kazi zao za rangi na ni safi. Lakini hata hapo nitauliza kwanza kama yeye yupo zamu, na nikifika nitasimama pale pale kando ya gari, boksi wazi mkononi, niwahesabie vipakiti kimoja kimoja kabla hawajashika kitambaa.