Kitini cha Uchumi, kidato cha tano na sita: kinunue, ila michoro ichore upya

Kwa wanafunzi wa tahasusi zenye Uchumi (EGM, HGE na ECA), kitini hiki cha kwenye steshenari kinafaa, hasa sura ya unyumbufu wa mahitaji, yaani kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei ikibadilika. Mfano wake umenyooka: bei inapanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,200, mahitaji yanashuka kutoka kilo 50 hadi 30. Asilimia 40 ya mahitaji gawanya kwa asilimia 20 ya bei, jibu ni 2, ukiacha alama ya hasi. Kinaonya pia kosa linalowaangusha wengi: kugawanya badiliko kwa kiasi kipya badala ya kile cha awali.

Michoro inasikitisha. Fotokopi imefifia, mihimili haina majina. Ukiinakili hivyo kwenye mtihani unapoteza alama za bure. Tumia rula: bei wima, kiasi mlalo. Pato la taifa wamelipitia juujuu mno, hapo tafuta kitabu.