Bustani ya Mboga au Kitalu cha Mikarafuu kwa Klabu ya Skuli?

Skuli ya sekondari ya shamba kisiwani Pemba inayoanzisha klabu ya kilimo huwa na njia mbili zilizo karibu: bustani ya mboga, au kitalu cha miche ya mikarafuu.

Mchicha huvunwa baada ya wiki 4 hivi, kwa hivyo mwanafunzi aliyepanda ndiye anayevuna na kuuza. Lakini bustani hudai maji kila siku, na likizo ikifika bila ya zamu ya kumwagilia, matuta yote hukauka.

Kitalu kina mafunzo mazito zaidi. Mbegu ya mkarafuu hupoteza uhai upesi ikikauka, hivyo ni lazima ioteshwe ikiwa mbichi, na mche mchanga huhitaji kivuli, kwa mfano cha makuti, hadi utakapoweza kuhimili jua la shambani. Mti wenyewe huanza kuzaa baada ya takriban miaka 6 hadi 8, wakati aliyeupanda ameshamaliza masomo. Hata hivyo, katika kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, naona ni hasara kubwa kijana kuhitimu bila ya kuotesha hata mche mmoja.

Penye kisima cha uhakika, ningeanza na mboga, ili mauzo yake yanunue mifuko ya kuoteshea miche.